Kebo Mbili, Nguzo Moja

Kuna kuchoka na kuchoka, jamani. Kuna kuchoka kwa mtu aliyebeba mzigo akautua, akanywa maji, akalala, asubuhi akaamka mzima. Halafu kuna kuchoka kwa mtu ambaye hana pa kuutua. Meno alikuwa wa kundi hili la pili, na mchana huo hata nusu ya kazi alikuwa hajaimaliza.

Jina lake la kuzaliwa alikuwa akiliona kwenye kitambulisho tu. Watu walimwita Meno kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, ndani ya kijichumba nyuma ya kliniki, chenye dirisha linalotazama ukuta. Vumbi la waridi la ufizi wa bandia lilimwingia kwenye kucha, kwenye nyusi, hata kwenye mkate wake wa mchana. Akitoka hapo, ana mama yake wa kumwogesha, kumgeuza na kumlisha, maana kiharusi kilimwacha bibi wa watu upande mmoja wa mwili hauna habari na mwingine. Kati ya chumba hiki na kitanda kile palikuwa na kituo kimoja tu njiani, kituo cha kuchajia magari ya umeme, na hapo ndipo moyo wake ulipokuwa ukiishi. Tusifichane.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mwanamke wa makamo, miwani imemtelemkia puani, alijitupa kwenye kiti cha wateja kama mtu ambaye hajakaa tangu alfajiri. Akafungua kopo la biskuti. Ndani, juu ya kitambaa, palikuwa na meno ya juu yaliyovunjika vipande viwili.

“Ya baba yangu,” alisema. “Yanatengenezeka?”

Meno akayageuza kwenye mwanga. “Yanatengenezeka. Yamevunjikaje, dada? Aliyaangusha bafuni?”

“Ameyavunja kwa kufoka.”

“Kwa kufoka?”

“Alikuwa kando ya barabara, juani, anamgombeza mwanawe. Gari la mwanawe lilizimika, betri haina kitu. Mzee akafoka, meno yakamruka, yakaenda kujipiga kwenye lami.”

Meno aliuma mdomo asicheke. “Pole sana kwa Mzee.”

“Asante. Huyo mwanawe ni mdogo wangu mimi.” Mgeni akaisukuma miwani juu. “Nyinyi kule kwenye nguzo yenu ya kuchajia mnamwita Lifti.”

Kicheko kilimwisha. Meno akaweka vipande vya meno mezani polepole. Lifti! Lifti fundi wa lifti, mwenye mafuta ya mashine kwenye vifundo vya vidole, anayeshinda akining'inia ndani ya mashimo ya majengo marefu na kurudi jioni anacheka. Lifti ambaye wiki iliyopita, akiwa ameegemea dirisha la gari lake, alimwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, “Nikikuomba nikuoe utanionaje?” Na kabla hajapata hata kumeza mate, akachomoa kebo, akapanda gari, akaondoka! Tangu siku hiyo Meno hakujua acheke au alie.

“Unajua kwa nini betri yake ilikuwa haina kitu?” dada mtu aliuliza.

“Sijui.”

“Hata mimi sikujua. Nilimbana mpaka akasema. Ile nguzo yenu ina kebo mbili, sivyo? Magari mawili yakichomekwa pamoja, umeme unagawanywa, kila moja linapata nusu. Basi wewe ukifika tu, yeye anachomoa lake ili lako lipate wote. Eti una mama mgonjwa, eti kila siku unafika betri kavu, maskini, uwahi nyumbani. Yeye anaondoka na chaji ya kubahatisha. Mara ya kwanza alizimikiwa peke yake, akasukumwa na wapita njia. Safari hii alikuwa na baba yetu ndani. Mzee amekaa kwenye ukingo wa barabara mpaka ngozi ya paji la uso ikambambuka.”

Meno alishika ukingo wa meza.

Betri kavu. Neno lile lilikuwa lake. Siku ya kwanza kabisa alifika pale gari lake linatambaa, na mlinzi wa kituo akamwashiria Lifti kwa mkono asogee: sheria ya pale haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua, kwamba mwenye betri kavu hapewi maneno, anapewa kebo. Lifti akasogea, wakapiga soga. Siku iliyofuata Meno alikuwa na chaji ya kutosha kwenda na kurudi, ila alipitia pale vilevile. “Leo tena?” Lifti akamwuliza. “Betri kavu,” akajibu, kwa kuona haya. Angesema nini? Kwamba amekuja kumtazama? Na kwa kuwa skrini ya nguzo inaonyesha umeme unaotoka tu, haionyeshi kilichomo ndani ya gari, uongo wake ukapata pa kukaa. Jioni baada ya jioni, betri kavu, betri kavu. Naye alikuwa akishangaa kwa nini mwanamume anayemwangalia kwa macho yale huondoka kila anapomwona.

“Dada,” alianza.

“Ngoja nimalize, maana nikikatishwa nitalia na sina nguvu za kulia.” Mwanamke yule alivua miwani. Macho yake yalikuwa na wekundu ambao Meno aliujua, wekundu wa kuamshwa amshwa usiku. “Sina ugomvi na wewe. Wanasema wewe ni mtu mwema na ninaona. Mama yetu alipofariki huyu mtoto alikuwa hajui kufunga kamba za viatu. Nimemlea mimi. Sasa nina baba wa kumlea, na mdogo wangu ndiye mkono wangu wa pili. Kwenu nako kuna mgonjwa. Akikuoa wewe atagawanywa kama huo umeme wenu, nusu huku, nusu kule. Na mwisho wa siku nani atabaki kando ya barabara? Mimi.”

Ukuta wa nje ya dirisha ulikuwa uleule. Meno aliutazama kwa muda.

“Unataka nifanye nini?”

“Amesema amekuuliza neno, hujamjibu. Mjibu leo. Mwambie hapana. Ukimkawiza ndiyo unamwua.”

Angekuwa mwanamke mwingine, angesimama, angeweka mikono kiunoni, wangetoleana maneno mpaka wauguzi waje kuamua. Lakini Meno alimwangalia yule aliyekuwa mbele yake, mabega yameshuka, kopo la biskuti mapajani, akaona kama anajitazama mwenyewe miaka ijayo. Hasira ikakosa pa kushika.

“Nitamwambia,” alisema. “Leo hii.”

“Unaahidi?”

“Naahidi, dada.”

Mgeni alipoondoka, Meno alifunga mlango kwa komeo na kukaa chini kuyatengeneza meno ya Mzee. Angeweza kuyaacha hadi kesho. Hakuyaacha. Alizisafisha kingo za ufa, akazikutanisha, akazishika kwa nta, akamimina plasta chini yake, halafu akachanganya unga wa waridi na maji yake na kuujaza mle ufani tone kwa tone. Ulipokauka akasugua, akang'arisha, akapitisha kidole. Ufa hauonekani. Machozi yalimshuka bila kelele wakati mashine inazunguka, na vumbi likayafanya kuwa uji mashavuni.

*

Kituo kilikuwa nyuma ya jengo la maduka, karibu na mlango wa kupakulia mizigo. Nguzo moja ya kijivu, kebo mbili nyeusi, nafasi mbili za rangi ya kijani zilizofifia, na paa la bati la kuzuia mvua. Mlinzi wa pale alikuwa na kiti cha plastiki na maoni kuhusu kila mtu. Jua lilikuwa bado juu ya maghala.

“Kobe huyo!” mlinzi alipaza sauti alipoliona gari dogo la Meno, ambalo pale lilibatizwa Kobe. “Betri kavu kama kawaida?”

“Kama kawaida,” Meno akajibu, akaegesha kwenye nafasi ya pili.

Gari la Lifti lilikuwa tayari limechomekwa, mlango wa nyuma wazi, zana zake zimepangwa kwenye visanduku. Mwenyewe alikuwa ameketi pembeni, miguu inaning'inia, kofia ya kazi kichwani. Alipomwona Meno uso ulimfunguka. Ilikuwa hivyo kila siku, na kila siku Meno alihisi kitu kifuani kinalegea, kama mtu anayevua viatu vilivyombana.

“Mama anaendeleaje?”

“Hajambo. Asubuhi alinipiga na kijiko.”

“Ana nguvu basi.”

“Anazo. Kwa mkono ule mmoja, anazo.”

Wakacheka, kicheko kifupi cha watu wawili waliochoka. Halafu Lifti akashuka, akanyoosha mgongo, mkono ukaenda kwenye kebo yake. “Haya, mimi nimeshajaa. Chomeka uwahi.”

“Usichomoe.”

“Nimeshajaa, nakwambia.”

“Umejaa wapi? Washa gari nione.”

Mkono ulisimama. Lifti alimtazama, akatazama nguzo, akamtazama tena.

“Washa nione, Lifti. Kama umejaa nitakuomba radhi mbele ya mlinzi.”

“Usinitie katika mambo yenu,” alisema mlinzi kutoka kwenye kiti chake, na akakisogeza kiti karibu zaidi.

Lifti hakuwasha. “Nani amekwambia?”

“Dada yako. Alikuja kazini kwangu mchana, na meno ya Mzee kwenye kopo.”

“Mtume!” Alivua kofia, akajifuta uso nayo. “Nilimwambia asikuguse.”

“Hakunigusa. Alinisemesha kiungwana, kuliko ninavyostahili.” Meno alivuta pumzi. Njiani alikuwa amepanga maneno, mazuri, mafupi, yaani aseme hapana na kupanda gari. Sasa yalikuwa yamemtoroka yote, limebaki moja lililomkaa kooni. “Nataka uangalie kitu. Njoo.”

Akafungua mlango wa Kobe, akabonyeza kitufe. Kioo cha mbele ya usukani kikawaka. Lifti aliinama akatazama. Kipimo cha betri kilikuwa kimepita nusu.

“Imepita nusu,” alisema.

“Imepita nusu.”

“Umechaji wapi?”

“Hapa. Jana.”

Ilimchukua muda. Meno aliona ikimwingia taratibu, kwanza kwenye nyusi, halafu mdomoni.

“Kwa hiyo leo hukuwa na haja ya kuchaji.”

“Leo sikuwa na haja. Jana sikuwa na haja. Toka ile siku ya kwanza, nimekuwa na haja mara chache mno. Nilikuwa nakudanganya.”

Lifti alisimama wima. Meno hakuwa amewahi kumwona amekasirika, na hakujua kwamba hasira yake ni ya sauti ya chini.

“Baba yangu alikaa juani,” alisema. “Mzee wa miaka ile, juani, magari yanampitia mbele ya pua. Alifika mahali akaniuliza kama nimemleta pale kumtupa. Mimi namwambia, baba, nivumilie, kuna mtu ana shida kuliko sisi. Kumbe huyo mtu ana betri imepita nusu!”

“Lifti...”

“Mimi napanda ngazi za majengo kwa miguu kwa sababu lifti zenyewe ndizo mbovu. Jioni nikifika hapa magoti yanalia. Nachomoa kebo yangu nikijiambia, atawahi, atamkuta mama yake bado hajalala. Nilikuwa najiona mtu, kweli. Kumbe ulikuwa unanichezea.”

“Sikukuchezea!”

“Sasa hiyo ni nini?”

“Nilikuwa nakuja kukuona!”

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Hata wapakuzi wa mizigo kule mlangoni waligeuka. Meno aliona uso unamchemka, lakini maji yalikuwa yameshamwagika na yeye alikuwa amechoka mno kuyazoa.

“Nilikuwa nakuja kukuona,” alirudia, taratibu. “Niseme vipi? Mtu mzima mimi, nina mvi mbili hapa, nije nikwambie sina haja ya umeme, nimekuja kukaa? Ningesema hivyo ungenionaje? Nikasema betri kavu. Nikajua hapo nitapata nafasi, nitachomeka, nitakaa karibu na wewe tunasubiri. Basi. Wewe nawe nikifika tu, unachomoa, unaondoka. Kila siku! Nikajiuliza, huyu ananipenda au ananikimbia? Siku ile umeniomba neno zito namna ile, nageuka nikujibu, naona taa za nyuma za gari!”

“Ulikuwa umefika betri kavu!”

“Ndiyo, lakini mtu hata akiwa na betri kavu anajibu swali!”

Mlinzi alikohoa, kikohozi cha mtu anayejizuia kucheka, na wote wawili wakamkazia macho mpaka akageuza kiti.

Lifti aliegemea nguzo. Hasira ilikuwa bado usoni, ila imeanza kukosa pumzi. “Nilidhani unataka kuwahi nyumbani,” alisema. “Una mama pale.”

“Jirani anakaa naye mpaka jua lizame. Nyumbani nafika tu, Lifti. Nyumbani hakuna siku nimekosa kufika. Nikivuka ule mlango mimi ni mikono ya mama mpaka asubuhi, na asubuhi ni mikono ya wasio na meno. Hapa katikati ndipo nilipokuwa na kijisehemu changu, cha kukaa tu bila kuitwa. Wewe kwa huruma zako ulikuwa unakifupisha.” Sauti ilimkatika. “Halafu, nani alikuomba uchomoe? Kwa nini hukusema? Mimi nachukia kufanyiwa mema ya siri. Hayo ndiyo mambo yangu mimi, nayajua, ninayafanya kwa ndugu zangu wote. Unatoa, unatoa, unanyamaza, siku moja unazimika barabarani na wazee wa watu ndani ya gari.”

Lori lilirudi nyuma likipiga kengele yake, likasimama.

“Dada amekutaka nini?” Lifti akauliza.

“Nikwambie hapana. Nimemwahidi.”

“Sababu?”

“Anasema ukinioa utagawanywa kama huu umeme, na yeye ndiye atakayebaki njiani. Na sikuweza kumbishia. Amechoka, Lifti. Umeshamwangalia macho?”

“Namwangalia kila siku.”

“Basi hujamwona.”

Lifti aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo, akichezea kofia mikononi. Aliponyanyua uso, hasira yote ilikuwa imekwisha, na kilichobaki nyuma yake kilimwumiza Meno zaidi. “Haya,” alisema. “Umeahidi. Niambie.”

Meno akafungua mdomo.

Hapana ni neno fupi. Alikuwa akilisema kila siku, kwa wateja, kwa wauza bidhaa wa mlangoni, kwa mama akitaka kuteremka kitandani peke yake. Alilitafuta sasa, akalipata, akalileta mpaka kwenye ulimi. Akaiona kebo ya Lifti ikiwa bado imechomekwa kwenye gari lake, na ile ya pili imening'inia kwenye nguzo, haina kazi.

“Mlinzi,” aliita bila kugeuka.

“Nimesema msinitie.”

“Tukichomeka magari yote mawili, yatajaa?”

“Sasa swali gani hilo? Yatajaa. Ila mtakaa hapa mpaka mnichoke na mimi niwachoke.”

“Lakini yatajaa.”

“Yatajaa, mama. Umeme hautoroki.”

Meno akaenda kwenye nguzo. Akaishika kebo ya pili, nzito kama kawaida yake, akaivuta, akaichomeka kwenye Kobe. Mashine ikalia mlio wake. Kwenye skrini, namba ya upande wa Lifti ikashuka mpaka nusu, na ya upande wake ikapanda mpaka ikalingana nayo. Ndiyo kwanza aione ikifanya hivyo. Siku zote alipochomeka, upande wa pili ulikuwa mtupu.

“Unafanya nini?” Lifti aliuliza.

“Nasubiri chaji.”

“Umeniambia imepita nusu.”

“Na itajaa. Usichomoe tena bila kuniuliza. Na mimi sitasema tena betri kavu. Nikija nitasema nimekuja kukaa.”

“Hilo ndilo jibu langu?”

“Jibu lako ni ndiyo. Nilikuwa nalo tangu wiki iliyopita, uliliacha hapa hapa ukaenda zako.”

Lifti hakuruka, hakumkumbatia, hakusema maneno ya vitabuni. Alikaa chini pale pale, kwenye ukingo wa saruji, akaficha uso kwenye ile kofia chafu. Mabega yakamtikisika. Meno akaketi kando yake, bega likagusa bega, wakanuka mafuta ya mashine na plasta.

Simu ya Lifti ikaita. Akaitazama. “Ni yeye.”

“Lete.”

“Ngoja niongee mimi kwanza.”

“Nimemwahidi mimi. Lete.” Akaipokea. “Shikamoo, dada. Ni mimi.”

Dada akaitikia, shingo upande: “Marahaba. Umemwambia?”

“Nimemwambia kila kitu. Na wewe nikwambie. Ile betri kavu ilikuwa uongo wangu, dada. Nilikuwa na chaji, nilitaka kumwona tu. Mzee alikaa juani kwa sababu yangu. Nitakuja nimwombe msamaha mwenyewe, anigombeze mpaka achoke.”

“Ebo!” Pumzi ndefu. “Na lile neno? Uliniahidi.”

“Nilikuahidi. Nimeshindwa kulisema.”

“Nilijua. Nilijua tu. Sasa mimi...”

“Dada, nisikilize kidogo. Jumapili nipo nyumbani siku nzima na mama. Mleteni Mzee kwetu. Nikimgeuza mmoja au wawili, mgongo ni huu huu. Watagombana wao kwa wao, sisi tutapumua. Na wewe ukae kwako, ufunge mlango, ulale.”

“Nilale?” dada aliuliza. Alilitamka neno hilo kama jina la mtu aliyemfahamu zamani.

“Ulale. Kila Jumapili. Mdogo wako hatakwenda popote, dada. Nataka tu na mimi niwepo.”

Kwa mbali ilisikika sauti ya mzee ikifoka, maneno yote yamelainika kwa kukosa meno. Dada akapenga kamasi.

“Anauliza meno yake,” alisema hatimaye.

“Yamepona. Ninayo kwenye mkoba. Tutayaleta leo hii, mimi na yeye, ila tutachelewa. Tumechomeka magari yote mawili.”

“Njooni, basi.” Sauti ya dada ilikuwa bado imechoka, lakini ilikuwa imeshuka mahali, kama mtu aliyekaa kitako. “Ila hilo gari lije limejaa. Sitaki tena kuja kuokota wazee barabarani.”

Simu ikakatwa. Lifti alikuwa akimtazama, macho mekundu, mdomo unataka kucheka na haujui uanzie wapi.

“Jumapili Mzee na mama yako chumba kimoja?” alisema. “Unajua Mzee anavyofoka?”

“Na mama ana kijiko.”

Hapo ndipo walipocheka, wakacheka mpaka mlinzi akauliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumweleza.

Baadaye Meno alimpigia jirani amkalie mama zaidi, akaingia ndani ya Kobe, akakilaza kiti nyuma. Alitaka kufumba macho kidogo tu. Lifti akavuta kisanduku cha zana, akaketi nje ya dirisha lake, na skrini ya nguzo ikaendelea kuhesabu kwa uvivu, nusu huku, nusu kule.

“Ukiona imejaa niamshe,” Meno akasema, usingizi umeshamshika ulimi.

“Nitakuamsha.”

“Usichomoe.”

“Sichomoi,” alisema Lifti, na hakuchomoa.